Maziwa ya Hezron

Haya yalimpata shangazi yangu Atupakisye, kule Matwebe wilayani Rungwe, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuleta malori yao kufuata kahawa mpaka mlangoni kwa mtu. Shangazi hakuwa mzushi. Aliimba kwaya, alilima, maneno yake yalikuwa machache.

Ijumaa moja mchana alikuwa barazani anamenya ndizi. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Akamwona mwanamume anapanda njia ya nyumbani, viatu vimejaa tope. Alikuwa Ambindwile, rafiki wa mumewe tangu utotoni, aliyehamia Tunduma kuuza mitumba.

"Ndaga, shemeji!" alisalimu kwa Kinyakyusa, akicheka. "Mmepotea ninyi au nimepotea mimi?"

Shangazi alihisi moyo unamwuma. Mumewe, Anosisye, alizikwa kabla ya Pasaka, na habari hazikuwa zimefika Tunduma. Akampa mgeni kigoda. Akaingia jikoni kuchota maji ya kunywa, akasimama humo akitafuta pa kuanzia. Kifo hakisemwi kama bei ya chumvi.

Alipotoka alisema, "Shemeji, kaa vizuri. Anosisye..."

"Anakuja," Ambindwile akadakia. "Tumepanda naye kutoka barabarani. Ameingia hapo migombani, kasema nitangulie."

Kikombe kilimponyoka shangazi.

"Nani?"

"Si Anosisye! Mbona kakonda hivyo? Njia nzima nazungumza mimi tu."

Shangazi akakaa chini, juu ya maganda ya ndizi. Akamweleza kwa sauti ndogo, kama kuna mgonjwa amelala karibu. Anosisye alikwenda kumsalimu mdogo wake, Hezron. Akarudi analalamika tumbo. Kulipokucha ulimi ulikuwa umefunga. Akawa ananyoosha kidole mdomoni, ananyoosha tena, mpaka akakata roho. Kaburi liko nyuma ya nyumba.

Ambindwile aliitazama migomba. Hakuna jani lililotikisika.

"Shemeji," alinong'ona, "kuna neno alisema. Moja tu."

"Lipi?"

"'Mwambie Atu maziwa ya leo asinywe.' Nikajua ng'ombe wenu anaumwa."

"Hatuna ng'ombe."

Kikohozi kikasikika njiani.

Alikuwa Hezron. Mkononi alishika kibuyu. Tangu matanga yaishe alikuwa akilidai shamba la kahawa la marehemu kaka yake, na shangazi alikuwa amekataa mbele ya wazee.

"Yaliyopita yamepita, shemeji," alisema. "Nimekuletea maziwa. Onja basi, na mgeni aonje."

Hakukaa. Alisimama akingoja.

Shangazi alikipokea kibuyu. Kisha akamrudishia.

"Anza wewe."

"Mimi?" Hezron akacheka. "Nimeshiba."

"Mleta chakula huonja kwanza. Ndivyo tulivyolelewa."

Hezron alifungua mdomo ajibu. Macho yake yalipita juu ya bega la shangazi, yakaganda mlangoni. Uso ukawa majivu.

"Kaka," alisema.

Shangazi hakugeuka. Hakuweza. Ambindwile aligeuka, akaona mlango uko wazi. Hapakuwa na mtu.

"Kaka, nisamehe."

Hezron akainua kibuyu. Akanywa. Alilia huku anakunywa, maziwa yanamtiririka kidevuni, na macho hayakubanduka mlangoni. Akanywa mpaka tone la mwisho. Akakiweka chini polepole, kama mtoto aliyeamriwa, akashuka njia ya kwao.

Hakuiona Jumapili.

Ambindwile aliondoka jioni ileile, hakurudi tena Rungwe. Shangazi alihamia kwetu Bulyaga. Nyumba ile aliipangisha kwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai, naye akaita fundi akisakafie chumba cha kulala kwa saruji. Fundi alimaliza, akafunga mlango, ufunguo akaondoka nao.

Walipofungua, saruji ilikuwa imekauka. Nimeingia mwenyewe, nimeona kwa macho yangu. Nyayo za mtu mzima, miguu mitupu, zimezama katikati ya sakafu. Hazikutoka mlangoni. Hazikuelekea popote. Mtu alisimama pale, ametazama ukutani, upande inapoanza njia ya kwenda kwetu Bulyaga.