Picha ya Kumi na Tisa

“Mwatime, hebu njoo uone. Huyu kaka si anafanana na Nadir wako?”

Mumbi alisema hivyo huku akicheka, ameinamia kioo cha mashine. Mimi nilikuwa nakata negativu za mteja mwingine, nikazitia kwenye bahasha bila kuinua kichwa.

“Sisi hatuangalii watu, Mumbi. Tunaangalia rangi.”

“Aii, wewe na sheria zako. Haya, njoo uangalie rangi basi.”

Nikaenda. Kwenye kioo palikuwa na mwanamume amesimama katikati ya safu mbili za mizabibu. Ameshika baiskeli mbili, moja kila mkono. Uso wake ulikuwa mweusi tii, hauna macho wala pua, kwa sababu waliotengeneza mashine ile walifikiria ngozi zao tu. Lakini mabega niliyajua. Hata shati nililijua, nililipiga pasi mimi kabla hajasafiri.

Mumbi akaacha kucheka.

“Ni yeye?”

“Ni yeye.”

“Si ulisema kamera yake ilianguka mtoni?”

“Yeye ndiye aliyesema.”

Tulikuwa tunasafisha picha nyuma ya duka moja la dawa hapa Annandale, Marekani. Mimi niliacha shule darasa la tano, Pangani, mama alipoanza kuugua, na Kiingereza nakisoma kwa kidole. Lakini rangi haziulizi cheti. Picha za watu weusi zilikuwa zikitoka kama vivuli, mimi nikajifunza kubonyeza vitufe vya rangi taratibu, giza likapungua kidogo kidogo mpaka mtu akajitambua. Habari zikaenea. Watu wakawa wanatoka Gaithersburg na Temple Hills na filamu zao za harusi na za akika, wanauliza, “Yule binti yupo?”

Nadir naye alikuja hivyo hivyo, mwaka jana, 1997. Alitazama picha yake, akanitazama mimi.

“Dada, leo ndiyo mara ya kwanza naiona pua yangu tangu nifike Marekani.”

Niliinama chini kwa haya. Wiki ya pili akarudi na filamu nyingine. Ya tatu akaja bila filamu.

Alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa Mombasa, kwenye duka lililoko kando ya njia ya baiskeli huku Virginia. Aliponiposa kwa shangazi yangu Nahla, ninayekaa naye Temple Hills, alileta na baiskeli ya buluu.

“Sasa hii ya nini?” shangazi akamwuliza. “Mtoto wa kike, baiskeli?”

“Nitamfundisha, shangazi. Kwa adabu. Nitashika kiti tu.”

Basi kila Jumapili, kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya shule, nimevaa suruali ndani ya dera, Nadir alikimbia nyuma yangu mkono uko chini ya kiti.

“Usiniachie!”

“Nimekushika. Twende.”

“Nadir, usiniachie!”

“Nimekushika, bibie, nimekushika.”

Mwezi wa tisa tajiri wake akampeleka Ufaransa wiki mbili. Kuna wateja hulipa kwenda kuendesha baiskeli pole pole kwenye mashamba ya zabibu, na lazima awepo fundi. Siku ya nne alipiga simu kwa kadi ya simu.

“Mwatime, huku hakuna haraka kabisa! Watu wanashuka kwenye baiskeli kwa sababu wameona paka. Tunaendesha kidogo, tunasimama kunywa kahawa. Saa saba tunakaa kula, tunainuka saa tisa.”

“Na mvinyo? Shangazi anauliza.”

“Wao wanakunywa, mimi naziba pancha. Mwambie nimekula zabibu tu.”

“Unapiga picha?”

“Napiga zote, utazisafisha mwenyewe. Na mwakani karatasi zako za ukaazi zikishatoka tunakuja wote, fungate. Nitakushika kiti toka kijiji hiki mpaka kile.”

Aliporudi alisema kamera imeanguka mtoni. Nikampa pole, nikamwambia kamera si kitu, muhimu amerudi yeye.

Sasa Mumbi alikuwa amekamata bahasha ya ile filamu.

“Joanne,” akasoma. “Wa Gaithersburg. Huyu ni nani?”

“Sijui.”

Nikakaa kwenye kiti changu, nikazipitisha moja moja. Mkate mrefu juu ya meza. Wazee wamevaa kofia za kuendeshea. Mlima wenye mistari ya mizabibu kama nywele zilizosukwa. Kwenye ya kumi na mbili Nadir amekaa karibu na mwanamke mwenye kofia ya njano, mbele yake glasi iliyojaa nusu. Nikasahihisha rangi, nikapita. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe.

Kisha ikaja ya kumi na tisa.

Barabara nyembamba inateremka kati ya mizabibu. Yule mwanamke yuko juu ya baiskeli, kofia imerudi nyuma. Nadir anakimbia nyuma yake, mkono uko chini ya kiti, mdomo uko wazi. Hakuna busu pale. Hawakukumbatiana. Lakini nililijua neno lililokuwa mdomoni mwake.

“Labda ni mteja tu,” Mumbi akasema taratibu. “Fundi si husaidia wateja?”

“Mtu atalipia safari ya baiskeli wiki mbili, hali hajui baiskeli?”

Mumbi akasogea karibu na kioo.

“Angalia miguu yake,” nikasema. “Anakanyaga vizuri. Hahitaji kushikwa. Anataka tu.”

“Woiye, Mwatime.” Akanishika bega. “Ikwaruze hiyo filamu. Useme mashine imeila. Ajali hutokea.”

“Si filamu yangu.”

“Lakini ni mume wako!”

“Bado wiki tatu.”

Nikabonyeza. Mara ya kwanza alitoka mweusi, meno tu. Ile nikaichana, ndiyo kanuni, iliyoharibika haitoki dukani. Nikabonyeza tena. Macho yakatokea, mashavu yakatokea, na lile kovu dogo la kidevuni. Nilimtoa gizani kwa mkono wangu mwenyewe, ili mwanamke mwingine amwone vizuri.

Joanne alikuja kuzichukua saa kumi. Mama wa kama miaka arobaini, ana mvi kidogo mbele, mpole. Mumbi akanikanyaga mguu, akaninong'oneza kwa Kiswahili, “Mwambie.” Mimi kusema na watu nisiowajua ulimi hunikauka, sembuse siku ile.

“Wewe ndiye yule msichana?” akaniuliza kwa Kiingereza cha pole pole, kama anajua nitapata taabu. “Tuna muuguzi kazini, Chelagat, ndiye aliyenielekeza. Rafiki yangu alilalamika kwamba picha zake hapa Marekani zinatoka nyeusi siku zote. Nikataka kumshtua kwa zawadi. Nimeendesha gari karibu saa nzima.”

Akazifungua pale pale kaunta. Alipofika kwenye ya kumi na tisa akaweka mkono kifuani.

“Ni yeye kabisa. Tazama anavyocheka! Mimi naendesha baiskeli tangu nina miaka sita, lakini yeye ananishika kiti kama mtoto. Sijamwambia aache.” Akacheka, mashavu yakawa mekundu. “Ana neno analoniambia, la lugha yenu. Nime-ku-shi-ka. Nikimwuliza maana yake anacheka tu. Maana yake nini?”

Mumbi akageukia ukuta.

“Maana yake,” nikasema, “hutaanguka.”

Akanishika mkono, akanishukuru mara mbili, akaenda zake.

Niliporudi nyumbani taa nyekundu ya ujumbe wa simu ilikuwa inawaka. Nikabonyeza.

“Mwatime, ni mimi. Kadi za harusi zimetoka, nzuri mno, jina lako limeandikwa kwa dhahabu. Jumapili nakuja nazo. Mwambie shangazi anipikie mbaazi.”

Nikaisikiliza mara tatu, kisha nikaifuta.

Jumapili mchana akaja, amekumbatia boksi la kadi.

“Shikamoo, shangazi!”

“Marahaba, baba. Kaa, mbaazi zinakaribia,” shangazi akajibu toka jikoni.

“Mwatime, vaa suruali yako twende uwanjani. Leo nitakuachia kidogo, hatua mbili tu.”

“Nadir, kamera yako ilianguka mto gani?”

“Ule... jina lao gumu, hata sikulishika.”

“Ya Joanne haikuanguka.”

Akaliweka boksi mezani polepole, kama lina mayai.

“Nani kakwambia?”

“Wewe. Ulikuja kwenye mashine yangu. Alikusafisha kwangu ili akupe zawadi.”

“Yule ni mteja tu, Mwatime. Nilikuwa namsaidia, barabara inateremka...”

“Anajua baiskeli tangu ana miaka sita.”

Akafumba macho. Jikoni mwiko ukaacha kugonga sufuria.

“Alinieleza mwenyewe,” nikasema. “Na lile neno letu akalitamka, akaniuliza maana yake.”

“Mwatime...”

“Unampenda?”

“Sikupanga.”

“Sikukuuliza mpango.”

Alilitazama lile boksi.

“Ndiyo,” akasema. “Tangu nirudi nataka kukwambia. Nilidhani nikizichapa kadi, moyo utarudi.”

“Ukarudi?”

Machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani kumfuta. Shangazi akatokea mlangoni na mwiko wake.

“Na huko mvinyo alikunywa?”

“Sijui, shangazi. Glasi ilikuwa nusu.”

“Shangazi, naapa...”

“Usiape nyumbani mwangu,” shangazi akamkata. “Kiapo ulichompa huyu mtoto bado hakijapoa.”

Nadir akanigeukia.

“Yeye hajui kuhusu wewe. Umemwambia?”

“Hapana. Hiyo nimekuachia. Mwambie kabla hajaitundika ile picha ukutani.”

“Utanichukia?”

“Bado sijafika huko. Chukua kadi zako.”

Akalinyanyua boksi. Alipofika mlangoni akaiona baiskeli ya buluu imeegemea ukuta, akashika usukani.

“Angalau niache nikumalizie kukufundisha. Jumapili mbili tu. Hujui bado, utaumia.”

“Najua tangu Jumapili ya tatu.”

“Unajua nini?”

“Kuendesha.”

“Mwatime, ulikuwa unapiga kelele nisikuachie!”

“Nisingepiga kelele, ungeachia.”

Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha yake kwa mara ya kwanza. Akauachia usukani, akatoka na boksi lake. Gari lake lilikaa nje muda mrefu bila kuwaka, kisha likawaka.

Shangazi alitaka kunilaza kifuani. Nikamwambia ngoja kwanza, nikavaa suruali ndani ya dera, nikaikokota baiskeli mpaka nyuma ya shule. Akanifuata na kanga yake ya jikoni, mwiko bado mkononi.

“Utaanguka, mwanangu!”

“Kaa hapo, shangazi.”

Nikapanda. Uwanja ulikuwa mtupu, majani makavu yamejaa mistarini. Nikaenda mpaka ukutani, nikakata kona, nikarudi.

“Kumbe unajua!” shangazi akapiga kelele, kisha akajifunika uso kwa kanga.

Kwenye kona ya pili mdomo wangu ukasema wenyewe, “Usiniachie,” na shingo ikageuka nyuma kwa mazoea. Chini ya kiti hapakuwa na mkono. Machozi yalinizuia kuuona ukuta, lakini kona niliijua.

Nikakanyaga.