Chumvi ya Makame

Asubuhi hiyo vumbi la mbao chini ya mashua lilikutwa limelowa, na Kitale nzima ilikuwa haijaona tone la mvua tangu Krismasi. Wabwile aliligusa, akanusa kidole. Kilinuka samaki na kitu kingine asichokijua, maana bahari alikuwa hajawahi kuiona.

Alikuwa seremala katika shamba la mahindi njia ya kwenda kijiji cha Kwanza. Mwenye shamba, waliyemwita Bwana Mrefu, alikuwa na ugonjwa mmoja: kila mwaka, mavuno yakiisha, alipakia mashua kwenye gari la moshi hadi pwani, akavue karibu na miamba. Chambo cha kuliwa hakukitaka. Alitumia vijiko vinavyong'aa vyenye ndoana, samaki wa uongo wa kudanganya samaki wa kweli, na aliyemfulia vijiko hivyo ni Wabwile. Mzungu na starehe yake, nani amkataze?

Mwaka huo alirudi na mashua aliyoinunua huko huko, akataka ifanywe mpya: injini ya kufunga nyuma, viti vya kuzunguka, vishikio vya fimbo za kuvulia pale mbele. Wabwile alipobandua ubao wa mbele alikuta kijaluba, kijikasha kidogo cha fedha, kimepigiliwa misumari, na chini yake jina limechongwa: MAKAME. Mtu wa pwani angerudisha ubao haraka akaenda zake akiomba dua. Wabwile alikuwa mtu wa bara, wa Kanduyi. Yeye aliona fedha safi tu. Alikifua kijaluba kikawa kijiko kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza.

Tangu hapo karakana ikabadilika. Mashua ilikuwa imekaa juu ya magogo, nchi kavu, lakini ubavuni mwake maji yalisikika yakipiga taratibu.

"Unasikia?" aliuliza Gichuki, fundi wa injini, jua likiwa utosini.

"Nasikia nini?"

"Si uache kunidanganya, bana. Umesimamisha randa ndio usikie."

Walikuwa wakinong'ona, na hakuna kati yao aliyejua wanaogopa kusikiwa na nani.

Nyumbani, mkewe Lenah alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na Nanyama, mamake Wabwile, alikuwa amekuja kumsaidia. Jioni hiyo Wabwile alipoingia na nguo zake zikinuka karakana, mtoto alianza kulia. Alilia hadi sauti ikakauka, titi akalikataa. Kwao Wabukusu, mtoto akilia hivyo anadai jina. Wafu wa ukoo hutajwa mmoja mmoja, na yule atakayetajwa mtoto akanyamaza, ndiye aliyerudi. Jina hilo halikataliwi.

Nanyama alimpakata, akaanza kuita. Barasa. Walubengo. Akawaita wajomba, akawaita hata wale waliofia vitani, na kilio kikazidi. Wabwile kichwa kilikuwa kinampasuka. Akasema kwa mzaha wa mtu aliyechoka, "Basi labda ni Makame."

Mtoto akanyamaza. Akageuza shingo, shingo changa isiyojua bado kugeuka, akamtazama babake.

"Umeita nani?" Nanyama aliuliza polepole.

"Ni jina tu, mama. Nimeona kwa mashua."

"Ni mtu wetu?"

"Hapana."

"Sasa wewe umeitia mtoto mtu hatujui."

Hapo harufu ya karakana ikaingia ndani na mlango umefungwa, na maji yakaanza kupiga ukuta wa udongo upande wa nje, mahali ambapo hapakuwa na mto wala mfereji, yakipiga taratibu kama mgeni anayejua kwamba atafunguliwa, na Lenah akamnyakua mwanawe, akamkumbatia shavu kwa shavu, akahisi uso wa mtoto umelowa, akalamba midomo yake bila kukusudia, na ilikuwa chumvi tupu. Waliogopa. Neno jingine halipo.

Gichuki ndiye aliyewapeleka kwa Bi Mize, mwanamke wa Mombasa aliyekaanga mahamri karibu na stesheni. Hata salamu hazijaisha, aliweka mwiko chini.

"Mbona mwanuka pwani?"

Wabwile alimweleza yote, macho chini.

"Huyo alifungwa pale na watu wajuao kufunga," Bi Mize alisema. "Wewe umemfungua, kisha ukampa nyumba."

"Atatoka?" Lenah aliuliza.

"Fedha irudi ilipokuwa, na mashua irudi baharini. Mtoto mpeni jina jingine, mkambatize huko kanisani kwenu. Lakini lile jina, mwanangu, usilitaje tena. Ukimwita, ataitika."

Wabwile alikipiga kijiko kikawa bapa, akakipigilia mahali pake huku Bi Mize akifukiza ubani na kusoma dua. Bwana Mrefu aliambiwa kwamba mbao za mbele hazitashika vishikio, heri airudishe alikoinunua; akanung'unika, akapakia mashua yake. Gari la moshi lilipoondoka, vumbi la karakana lilikauka. Mtoto alinyonya, akalala, na Nanyama akacheka tena.

Jumapili ya ubatizo kanisa la misheni lilijaa. Siku zile padri alimtilia mtoto chembe za chumvi ulimini kabla ya kummwagia maji, na watoto wote walikunja uso. Petro Mukhisa, maana ndilo jina walilompa, hakukunja. Alinyonya kidole cha padri, akaachama aongezwe. Padri alipoondoa mkono, kikaanza kilio kile kile.

"Mukhisa," Nanyama alimbembeleza. "Mukhisa, nyamaza, baba."

Kilio kilipanda, kikakatika. Mtoto alibaki kinywa wazi, pumzi haiingii wala haitoki, midomo inageuka rangi. Lenah alimtazama Wabwile. Wabwile alitikisa kichwa kumkataza, machozi yakimtoka. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lenah alimwinamia mwanawe sikioni, akalitaja lile jina.

Mtoto akavuta pumzi, akatabasamu. Na maji katika beseni la ubatizo, ambalo hakuna aliyekuwa ameligusa, yakaanza kupiga ukingoni, taratibu.