Mikono Isiyo na Uso

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiroboto aliwafungulia bata banda, akawabadilishia maji, kisha akawahesabu. Jina hilo la utani alipewa na baba yake kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na hakujua kutulia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Baba yake alikuwa na bucha mbele ya nyumba, chumba kimoja chenye vigae vyeupe, mizani, na gogo la kukatia nyama. Nyuma ya banda la bata palikuwa na uchochoro uliozibwa kwa mabati. Huko ndiko baba alikochinjia kuku na bata wa wateja, na Kiroboto alikatazwa kabisa kukanyaga.

Jumatatu hiyo bata walikuwa kumi na mmoja badala ya kumi na wawili. Alipouliza, baba alijibu bila kugeuka kwamba mmoja amekwenda kwa mteja. Kiroboto aliridhika. Bata wao walikuwa wa kuuzwa, si wa kuchezea.

Wakati wa mapumziko shuleni, rafiki yake alimvuta hadi penye bomba la maji. Rafiki huyo wote walimwita Redio, maana habari haikulala kwake. Alisema kuna video inayozunguka kwenye simu za watu, na kaka yake amemwonyesha. Mtu fulani anamtesa bata, halafu anadai kwamba ndivyo wazee walivyopika.

"Uso wake hauonekani," Redio alisema kwa sauti ya chini. "Ila ile aproni naijua. Hata wewe unaijua."

Jioni walikwenda kwa akina Redio, wakaitazama pamoja kwenye simu ya kaka yake. Ilionyesha mikono miwili iliyovaa glavu nene na kifua kipana chenye aproni ya buluu. Mikono ile ilimning'iniza bata miguu juu, ikamnyonyoa manyoya angali hai, huku muziki wa kuchekesha ukipigwa. Chini yake paliandikwa: "Bata wa asili, kwa mila za mababu zetu." Watu maelfu walikuwa wameitazama. Wengine walitukana, wakaandika kwamba watu wa huku hawana huruma. Wengine waliwajibu kwamba mila ni mila, na wageni waache kuchungulia vyungu vya wenzao.

Kiroboto hakuyasoma yote. Macho yake yaliganda kwenye mfuko wa ile aproni. Ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono mikubwa iliyokwenda upande. Aliijua mishono hiyo kwa sababu aliishona yeye mwenyewe, siku uzi wa buluu ulipokwisha.

Alirudi nyumbani. Jambo la kwanza alilolitazama ni msumari ulio nyuma ya mlango wa bucha, mahali aproni mbili za baba zilipotundikwa. Palikuwa na moja tu, ile isiyokuwa na uzi mwekundu. Aliuliza nyingine iko wapi.

"Ipo, ipo," baba alisema, akaendelea kufuta mizani.

Tangu hapo kila kitu alichokifanya baba kilikuwa na kivuli nyuma yake. Baba akinyamaza, Kiroboto aliona anaficha jambo. Akicheka na wateja, aliona anajifanya. Jumanne alimwona akichukua kisu na jiwe la kunolea, akatazama huku na huku, kisha akazunguka nyuma ya mabati. Kwa nini mtu asinoe kisu mbele ya watu? Jumatano alitega sikio ukutani, akasikia maji yakimiminwa na baba akisema maneno ya chinichini. Je, alikuwa akizungumza na simu? Usiku wa Alhamisi mama aliweka mchuzi mezani, na Kiroboto akasema amekwisha shiba. Mama alimgusa paji la uso kuona kama ana homa. Baba alimtazama kwa muda. Hata huko kutazama kulimtia shaka.

Mambo yalikuwa mabaya zaidi shuleni. Redio aliapa kwamba hakumwambia mtu, lakini Ijumaa mvulana mmoja wa darasa lao alipita karibu na dawati la Kiroboto akilia kama bata. Wenzake wakaangua kicheko. Kiroboto aliinamisha kichwa juu ya daftari. Lisemwalo lipo, aliwaza, na machozi yakadondoka juu ya hesabu zake.

Jumamosi asubuhi baba aliweka bata wawili ndani ya tenga. Alisema ni wa shangazi, dada yake mkubwa, ambaye alikuwa na mgahawa mdogo karibu na kituo cha mabasi. Yule aliyekosekana Jumatatu pia alikwenda kwake. Kwa kuwa bucha ilikuwa imejaa wateja, alimwomba Kiroboto awapeleke.

Njiani alijiuliza maswali mengi. Mtu mwenye siri angemtuma mwanawe? Au ni njia ya kumwondoa nyumbani? Bata walitikisika ndani ya tenga, naye aliwabeba taratibu wasigongane.

Alipitia mlango wa uani wa mgahawa, kama alivyozoea. Shangazi hakuwepo. Kwenye kamba ya nguo ilitundikwa aproni ya buluu, ingali mbichi, yenye mfuko ulioshonwa kwa uzi mwekundu. Juu ya meza palikuwa na glavu nene, na mbele ya meza simu imesimamishwa juu ya miguu mitatu ya chuma.

Shangazi alitoka jikoni akiwa na sufuria ya maji moto. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana kama ya baba yake Kiroboto. Alipomwona Kiroboto alisita, kisha akatabasamu haraka mno.

"Karibu, mwanangu. Nilidhani baba yako angekuja mwenyewe. Weka hapo chini, ukimbie nyumbani."

Kiroboto hakuliweka tenga chini. "Shikamoo, shangazi," alisema. "Aproni ya baba inafanya nini hapa?"

Shangazi aliitua sufuria. Kwanza alisema aliiazima kwa baba ili asichafue nguo. Kiroboto aliposema ameiona kwenye video, tabasamu liliondoka. Ndipo shangazi alipoeleza kwamba mgahawa ulikuwa umepoa na viti vimebaki vitupu. Alikuwa ameweka video za kupika kunde, watu thelathini wakatazama. Alipoweka ile ya bata, maelfu walikuja. Watu wanapenda mambo ya kale, alisema, na bata yule angeliwa tu hata hivyo.

"Bibi alikuwa akipika hivyo?" Kiroboto aliuliza.

 Shangazi alinyoosha mkono kulichukua tenga. Kiroboto alilikumbatia kifuani, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akatoka mbio.

Alimkuta baba akipima maini. Mbele ya wateja watatu alimweleza yote bila kuvuta pumzi. Baba aliweka kisu chini, akanawa mikono, akawaomba wateja radhi. Alifunga bucha saa nne ya asubuhi ya Jumamosi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Walipofika mgahawani, shangazi alimpokea mdogo wake kwa ukali. Alisema watoto wa siku hizi wanapeleleza wakubwa, na kwamba hata baba mwenyewe huchinja kila siku. Baba alimwacha amalize.

"Nachinja, dada, sikatai," alisema. "Lakini nani alitufundisha wewe na mimi? Mama alimpa bata maji kwanza. Alimfunika macho asione kisu, na kisu kilikuwa kikali, mara moja basi. Ukicheka wakati huo, ulikuwa hupewi chakula. Sasa hiyo mila uliyoiandika chini ya video ni ya nani?"

Shangazi aliitoa aproni kambani, akakaa juu ya kigoda. Alikunja aproni magotini, akaikunjua, akaikunja tena. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo kwamba ni yake mwenyewe, ameitunga. Aliifuta ile video papo hapo. Kisha, pasipo kuambiwa, aligeuza simu imwonyeshe uso, akasema mbele yake kwamba alidanganya, kwamba wazee hawakupika hivyo, na kwamba waliotukanwa kwa ajili yake walionewa. Alirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alilia.

Wakirudi nyumbani, Kiroboto aliushika mkono wa baba. Aliungama kwamba wiki nzima alimdhania baba: kisu nyuma ya mabati, sauti za chinichini, yote.

Baba alipunguza mwendo. Ilionekana imemuuma.

"Nanoa huko ili bata wasione," alisema. "Na zile sauti ni mimi, nawatuliza. Nilikuzuia kwa sababu niliona bado mdogo. Pengine nilikosea kutokukueleza."

Alisimama kando ya barabara, akamtazama bintiye.

"Sikiliza. Kila watu wana vyakula vyao, na hakuna wa kuwacheka. Lakini mnyama anayetulisha hapaswi kuteswa ili watu wafurahi. Mtu akiuita ukatili mila, muulize aliyemfundisha ni nani, kama ulivyomuuliza shangazi. Ulifanya vyema sana leo. Ila habari ya video, mwanangu, ungeniuliza mimi Jumatatu. Shaka ukiilea peke yako inakua, na mwisho inamla aliyeilea."

"Nitauliza, baba," Kiroboto alisema.

Wateja walikuwa bado wamesimama mbele ya bucha wakinung'unika. Baba aliwapa pole, akafungua mlango. Kiroboto alilichukua tenga aliloliacha ndani ya bucha, akalipeleka bandani, akalifungua, na bata wawili wakatoka wakikung'uta mabawa, wakaenda moja kwa moja kwenye maji.