Birika Lililotazamwa

Birika la shaba la Bibi Thuraya lilirudi Nizwa, Omani, likiwa zima, limezibwa mdomo kwa risasi iliyoyeyushwa vilevile kama lilivyokwenda, ila jepesi. Huwaida, mjukuu wake, alilinyanyua, akalitua. Ndiye aliyeiomba idara yake ya turathi ilipeleke ng'ambo mwaka ule wa 2004, kwenye kinu cha nyuklia cha utafiti, ambako miale ya nyutroni huonyesha kilichomo ndani ya chuma bila kuvunja kitu. Bila hata mkwaruzo! Alivyojivunia neno hilo.

Adhuhuri nyumba ikaanza kunuka makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani, uvundo wa Unguja birika lilikotoka, katika mji usio na minazi.

"Nani kalifungua?" Bibi alinong'ona.

"Hakuna, wallahi. Limepigwa picha tu."

"Picha ipite wapi, na risasi ile?"

"Miale hii, Bibi, risasi kwake ni kioo. Inazuiwa na nywele, nta, vitu vyenye majimaji."

Akamwonyesha picha: fundo la nywele, na kando yake kitu kilichojikunja, magoti kidevuni.

Bibi akageuza uso. "Mama alimfunga jini huyu kwa risasi asionekane. Huyu akionwa, kafunguliwa. Alimla mama mimba zake zote kabla yangu."

"Na mkanyamaza! Mnafuga siri, kisha lawama zetu sisi?"

"Uliniuliza kama litavunjika, msomi wangu. Hukuniuliza kama linatazamika. Punguza sauti, Radhia asisikie."

Radhia, dadake Huwaida, alilala chumba cha pili na mimba ya miezi saba. Tangu birika liingie, mtoto hajacheza.

Maalim aliyeitwa kutoka mji jirani wa Bahla alivua kiatu kimoja mlangoni, akanusa, akakivaa tena. "Aliyetokea mlangoni hurudishwa mlangoni. Huyu mmemtolea ukutani mwa birika. Nitampitisha wapi?"

Akaondoka, na uvundo ukazidi, na ndani ya kuta ikaanza mikwaruzo ya kucha, ikitambaa taratibu kutoka sebuleni, ikipita jikoni, Huwaida akiifuata kwa sikio huku akisoma kila aya aliyoikumbuka na kuzichanganya zote, mpaka kwenye pazia la Radhia, hapo ikakoma, na ndani dadake akacheka.

"Huwaida, njoo! Anacheza, alhamdulillahi! Lete mkono."

Akauweka. Kutoka ndani kiganja kikaja taratibu, kikajibandika kwenye chake, kidole kwa kidole, na vidole vile vilikuwa virefu kuliko vyake.

"Umemsikia?" Radhia aliuliza, akitabasamu.