Mtembezi Amehesabu Wote Wapo

Mtembezi, mashine ya kuongoza wasafiri, alitangulia kwa miguu yake minne ya chuma, tangi la maji tumboni, turubai lake likiwatilia kivuli waliomfuata. Kila mtoto aliyeingia katika hifadhi ile ya jangwa alivishwa bangili-pima, kidude kinachosoma jasho na mapigo ya moyo. Katika kila kituo cha kupumzikia, Mtembezi alihesabu bangili na kutangaza, ndipo safari ilipoendelea.

"Watoto wawili wapo," alisema katika kituo cha tatu. "Maji ya mwili yanatosha."

"Haya, twende," Kabale, mama yao, akajibu, macho kwenye ramani. Alimwamini, na kwa nini asimwamini? Yeye mwenyewe, mhandisi, ndiye aliyeandika kanuni ya kuhesabu bangili badala ya nyuso, maana nyuso za watoto jangwani hufunikwa na kofia na vumbi.

Robo saa baadaye aligeuka ampe tende binti yake, Diramu, wa miaka sita. Alimwona Guyo peke yake, mdogo wake Diramu wa miaka minne, bangili mkono huu na bangili mkono ule.

"Dada yako yuko wapi?"

"Alienda haja kule nyuma. Akanipa hii nimshikie. Nyanya alikataza kwenda haja na bangili."

Joto lilikuwa nyuzi arobaini na sita, na katika jua kali namna ile mtoto mdogo huzidiwa upesi.

"Mtembezi, turudi. Mtoto mmoja hayupo."

"Watoto wawili wapo," Mtembezi alijibu kwa upole. "Kurudi kutapunguza akiba ya maji. Tafadhali songeni mbele."

Kabale hakubishana. Alinyakua chupa ya maji, akambeba Guyo mgongoni na kutimua mbio juani. Nyayo zao zilikuwa zimeanza kufutwa na upepo. Aliita jina la Diramu mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyeitika. Aliogopa kupita kiasi. Alilia waziwazi, bila kumjali Guyo aliyekuwa akimuuliza mbona analia.

Alimkuta Diramu hatua chache tu kutoka kituo cha tatu, nyuma ya jiwe kubwa, amejikunyata palepale alipoachwa. Midomo ilikuwa imepasuka. Hakuwa amepotea. Hakuwa hata amejaribu kuwafuata.

Kabale alimnywesha kidogo kidogo, maji mengine yakimwagika kifuani.

"Mbona hukuniita, mwanangu? Tulikuwa karibu. Ungeita ningesikia."

Diramu alimaliza kumeza kwanza.

"Nilisikia Mtembezi akikwambia watoto wote wapo," alisema polepole. "Na wewe ukasema twende. Nikaona basi, mmeamua mimi nibaki."