Adwoa wa Alhamisi

Kila Jumatano, baada ya kufagia uwanja na kupanga mstari, darasa letu pale Mampong lilianza na insha. Madam Birago alikuja na kopo la maziwa lililojaa vikaratasi, kila kimoja na mada yake. Siku hiyo alichomoa kimoja akasoma: "Mwandikie mama yako barua, umshawishi akuruhusu jambo analokukatalia." Barua bora ingesomwa mbele ya wazazi siku ya sherehe ya shule.

Nilijua itakuwa ya Yaa Konadu. Mwaka jana ilikuwa yake, mwaka juzi pia. Mama yangu alimpigia makofi, kisha akamsifu njia nzima hadi nyumbani. Yaa alikuwa rafiki yangu, tena tuliketi dawati moja, lakini wivu ulinikaba hata kicheko chake kikawa kinaniudhi.

Wakati wa mapumziko Yaa alitoka kwenda kunywa maji, akaacha daftari wazi. Nikasoma barua yake. Ilikuwa tamu mno, nikaichukia, nikainakili harakaharaka. Palipoandikwa Yaa nikaweka Adwoa, jina langu. Mama yake muuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi, nikamgeuza mshonaji, kama wangu. Tuliporudi darasani nikaomba kusoma wa kwanza.

"Mama," nilisoma, "siku uliyonizaa imo ndani ya jina langu. Kila unaponiita, unaitaja. Nakuomba Alhamisi hiyo iwe yangu, nibaki maktaba, nisikusaidie kushona."

Kwabena wa dawati la mbele akageuka. "Adwoa wa Alhamisi? Kwani mama yako alizaa bila kalenda?"

"Tumwite Yaa basi," mwingine akadakia, darasa likaangua kicheko.

Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua: Adwoa ni wa Jumatatu, Yaa ni wa Alhamisi. Mimi wivu ulinisahaulisha jina langu mwenyewe. Yaa hakucheka. Alikuwa ameinamia daftari lake.

"Barua hii ni ya nani?" Madam aliuliza taratibu.

Machozi yakanitangulia. "Ya Yaa. Nimemwibia, Madam. Nilitaka mama anipigie makofi mimi."

Madam hakunichapa. Alifunika kopo. "Mada yako wewe haimo humu. Utamwandikia Yaa, umshawishi akurudishe dawatini. Mpaka hapo, utakaa nyuma."

Nilichana karatasi nyingi. Mwishowe nikaandika bila pambo lolote: "Yaa, nilikuonea wivu. Sina hoja ya kukushawishi. Nilikukosea, na nimekukumbuka." Ijumaa nikampa. Aliisoma, akaikunja, akaenda zake. Niliumia siku mbili nzima.

Jumatatu asubuhi nilikuwa naelekea nyuma kama kawaida aliponiita.

"We Adwoa, leo si siku yako?" Akasogeza begi lake. "Kaa basi."

Madam aliomba kuiona ile barua. "Ina makosa mawili ya tahajia," alisema, "lakini imemshawishi aliyeandikiwa. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri ikakuaibisha, kwa kuwa haikuwa yako. Ulikodolea macho daftari la mwenzako, lako likabaki jeupe. Andika ya kwako mwanangu, hata yakiwa na makosa."

Siku ya sherehe Yaa alisoma barua yake. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi.