Milimita Kumi na Moja za Ézéchiel

Kila asubuhi Ézéchiel alivaa soksi kwa taratibu zote za ibada. Mguu wa kushoto ulikubali mara moja. Wa kulia ulidai mkutano kwanza. Goti lake lilikuwa limepinda kwenda nje, na upande wa ndani uliuma kama jino bovu.

"Leo tena?" aliuliza mkewe, Émerance.

"Iko muzuri," alijibu, jasho likimtoka.

Haikuwa vizuri hata kidogo. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, mwanzoni mwa 2025, walikimbilia Lubumbashi na mabegi mawili. Mfanyabiashara mmoja wa kwao alimpa Ézéchiel lori la kubeba unga kutoka Sakania, mpakani. Lakini dereva asiyeweza kukanyaga pedali ni abiria tu, na bila lori hilo nyumba yao ya mtaa wa Makomeno haikuwa na chakula.

Hospitali moja ilikubali kumpasua Ijumaa. Jumamosi Clovis, daktari wa mifupa ambaye angempasua, alikuwa anaondoka, na siku hizo hakuna aliyejua nani angerudi lini.

Alhamisi mchana daktari aliwaita waone mpango. Kwenye kompyuta kulikuwa na radio, yaani picha ya mifupa, kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu.

"Papa, angalia. Natia alama kwa nyonga, kwa goti, na kwa kifundo. Kompyuta inavuta mustari toka juu mpaka chini. Kwa muguu muzima unapita karibu na katikati ya goti. Kwako unapita ndani. Uzito wote unaanguka upande mumoja, njo maana pale panaisha."

Alibonyeza. Mfupa wa kwenye picha ulikatwa chini ya goti, ukafunguka upande wa ndani kama mlango. Mstari ukasogea.

"Tunakata hapa kwanza, hapana damu. Kesho nitafungua mufupa wenyewe milimita sita, niushike na chuma na skrubu."

Émerance alisogeza uso karibu.

"Docteur, huu hapana muguu wa bwana yangu. Wa kwake umepinda mpaka mbuzi inapita katikati, na mapembe yake."

"Mama, jina iko yake."

"Jina, ndiyo. Muguu, hapana."

Ézéchiel alikumbuka siku ya kupigwa radio. Cathy, mpiga radio, alimwambia asimame sawasawa, kisha akaenda nyuma ya ukuta. Naye Ézéchiel akasimama kama mheshimiwa yeyote anavyosimama mbele ya kamera: uzito kwenye mguu mzuri, goti bovu amelilegeza kidogo, vidole vya mguu vikiangalia nje, kidevu juu.

Akisema, radio ingerudiwa, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Orodha ya upasuaji wa kesho ingefungwa saa kumi. Akinyamaza, nafasi yake ilikuwa salama. Halafu, sita si namba mbaya.

"Docteur," alisema polepole, "hii kompyuta inajua namna muntu alisimama?"

"Hapana. Inapima picha tu. Picha ikiongopa, itahesabu uongo bila kukosea."

"Na mi nitaamuka namna gani?"

"Na muguu ungali umepinda. Pengine tukate tena. Kama kutakuwa muntu wa kukata."

"Docteur, mi nilipozi."

"Ulifanya nini?"

Alisimama, akaonyesha. Na kidevu pia.

"Mungu wangu!" alisema Émerance. "Bwana alipozea radio!"

Daktari hakucheka. Alitazama saa. Saa tisa na nusu.

Alimwita Cathy, naye akakimbilia jenereta. Ilivutwa mara moja, ikanyamaza. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ikakohoa, ikawaka.

"Toa viatu, Papa! Nyayo zote chini! Magoti yaangalie mbele! Uzito kwa miguu yote mbili, na ule mubaya pia!"

Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Ézéchiel hakusogea. Mashine ililia, kisha jenereta ikazima.

"Picha imeingia?" aliuliza Émerance nyuma ya ukuta, katika giza la chumba kisicho na dirisha.

"Imeingia," alisema Cathy.

Kompyuta ya daktari ilikuwa na chaji kidogo iliyobaki kwenye betri. Alitia alama: nyonga, goti, kifundo. Akakata mfupa kwenye picha, akaufungua taratibu. Mstari ulisogea, ukafika.

"Kumi na moja," alisema.

"Karibu mara mbili," Émerance alinong'ona, akakaa chini.

Saa kumi kasoro dakika tano, jina la Ézéchiel lilithibitishwa kwenye orodha. Kesho yake alipasuliwa.

Alitembea na magongo wiki sita, akilalamika zote sita. Baada ya miezi mitatu alirudi kupigwa radio nyingine. Kwenye foleni alimkuta baba mmoja akinyoosha kola.

"Wewe! Hapa hapana studio!" Ézéchiel alimfokea. "Nyayo chini! Magoti mbele!"

Cathy alimtumia daktari picha huko alikokuwa. Walisubiri kwenye benchi. Jibu lilipofika, Cathy alilisoma kwa sauti: "Mustari umepita pale nilipoupanga. Mufupa umeshika. Anaweza kuendesha."

Émerance alifungua pochi yake, akatoa ufunguo wa lori aliokuwa ameuficha tangu siku ya upasuaji, akamkabidhi mumewe.